Jinsi ya kuhamisha leseni za biashara kutoka kwenye faili hadi kwenye simu

Nje ya ofisi yetu kuna kibanda cha fotokopi. Kijana anayekiendesha hajaajiriwa na baraza la mji, lakini kwa miaka mingi alijua utaratibu wa leseni kuliko sisi tuliokaa ndani. Alijua bwana afya yuko siku gani, fomu ipi imebadilika, mhasibu anataka nakala ngapi. Mfanyabiashara aliyetoka sokoni alianzia kwake kabla ya kuja kwetu, na alimlipa.

Nimeanza na huyo kijana kwa sababu ndiye kipimo changu. Ukiweka mfumo wa kompyuta halafu mama wa sokoni bado anahitaji kumlipa mtu ili aupite, foleni iko palepale, imetoka tu varandani kwako ikaenda kibandani kwake. Sisi tulifanya kosa hilo mara ya kwanza. Haya ninayoandika tuliyajua mara ya pili.

Nawaandikia maofisa biashara, makarani na wahasibu wa miji midogo ya Uganda, hasa sisi wa mashariki karibu na mpaka wa Kenya ambako soko zima linaongea Kiswahili. Mfano wangu ni leseni ya biashara ya kawaida. Kama kazi yako ni vibali vya ujenzi, mengi yatakufaa, ila ukaguzi wake una uzito mwingine.

Hatua ya 1: Ifuate faili moja kwa miguu

Kabla hujaongea na mtu wa kompyuta, chukua ombi moja la leseni na utembee nalo. Chagua la mtu wa kawaida: fundi cherehani, muuza spea za bodaboda. Kaa naye kwenye benchi. Andika kila mkono unaoigusa ile faili, kila muhuri, kila nakala, na kila meza inapolala.

Mimi nilimfuata mama mmoja muuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Alianza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kupata barua. Akaja kwetu kuchukua fomu, akarudi kibandani kutoa nakala ya kitambulisho na ya TIN, namba ya mlipa kodi. Ofisa akamkadiria ada, akaenda benki, akarudi na karatasi ya benki ambayo mhasibu aliibadilisha kwa risiti ya baraza. Kisha bwana afya, kisha mimi, kisha karani wa mji atie sahihi, kisha mpiga chapa. Katika safari yote hiyo, mahali faili ilipolala muda mrefu zaidi ni mezani kwa karani wa mji. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya mukene. Mkubwa alikuwa semina, Mbale.

Ukishaandika safari yote, uliza kila kituo swali moja: hili linatakiwa na sheria au ni mazoea yetu? Usikubali jibu la "tumekuta hivyo". Omba uonyeshwe kifungu.

TIN, kwa mfano, hutaifuta. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 inazikataza mamlaka za serikali za mitaa kutoa leseni ya biashara kwa mtu asiye na TIN. Lakini sheria inataka mtu awe na namba. Fotokopi tuliiongeza wenyewe. Namba inaandikwa kwa sekunde chache na inaweza kuhakikiwa na mashine, ilhali nakala humpeleka mtu kibandani.

Barua ya LC1 ilikuwa kesi nyingine. Kwetu hakuna aliyeweza kunionyesha kifungu kinachoidai kwa leseni ya biashara. Wazee wa ofisi walisema ilianza ili tujue duka liko wapi. Sawa, picha ya duka na alama ya ramani kutoka kwenye simu vinafanya kazi hiyo. Tuliiondoa. Wenyeviti wakanuna, na hawakuwa na kosa: barua ile ndiyo iliyowapa habari za kinachofunguliwa vijijini mwao. Basi kila mwezi sasa tunawapelekea orodha ya leseni mpya za eneo lao. Ukiondoa muhuri wa mtu, angalia alikuwa anapata nini kutoka kwake, na kama ni kitu halali mpe kwa njia nyingine.

Sahihi ya karani wa mji ndiyo iliyochukua mazungumzo marefu. Uganda ina Sheria ya Sahihi za Kielektroniki na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, zote za 2011, kwa hiyo hoja ya "bila wino haihesabiki" isikutishe. Hata hivyo, peleka swali kwa mwanasheria wa serikali mapema na upate jibu la maandishi, usije ukasimamishwa na mkaguzi wa hesabu baada ya mwaka.

Halafu gawa biashara mafungu mawili. Bucha, mkahawa, duka la pembejeo zenye sumu: hizi zikaguliwe kabla. Kibanda cha kadi za simu, fundi viatu, saluni ndogo: leseni itoke kwanza, ukaguzi ufuate kwa kushtukiza. Na anayehuisha leseni ambayo haijabadilika chochote, asijaze fomu kabisa. Aulizwe swali moja, "Kuna kilichobadilika?", alipe, apate.

Hatua hii peke yake ilitupunguzia zaidi ya nusu ya vituo, na hatukuwa tumewasha kompyuta hata moja.

Hatua ya 2: Ulizia kilichokwisha kujengwa

Kila mji una kijana hodari mwenye laptopu, na mara nyingi ni mpwa wa diwani. Atakuambia anaweza kukujengea mfumo kwa wiki sita. Pengine anaweza kweli. Lakini kabla ya hapo, uliza wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa kuhusu IRAS, mfumo wa ukusanyaji mapato ambao serikali za mitaa kadhaa tayari zinautumia. Kampala walianzisha wao, eCitie, mwaka 2014. Usajili wa majina ya biashara uko mtandaoni kwa URSB, ofisi ya usajili ya taifa, na NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari, ina jukwaa la UGhub linalowezesha mifumo ya serikali kuulizana taarifa yenyewe kwa yenyewe, ili mwananchi asiwe tarishi wa kubeba karatasi kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine.

Kama itabidi mjenge chenu, mkataba useme mambo haya waziwazi: data ni mali ya baraza, baraza lina nakala yake inayofunguka bila programu ya mjenzi, nywila kuu ziko kwa watu wawili ndani ya ofisi, na siku kijana akipata kazi Kampala, mwingine anaweza kuendelea. Weka pia gharama za kuuendesha: ujumbe mfupi, seva, bando, wino wa printa. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Kama ujumbe mfupi haumo kwenye bajeti, ikifika Septemba mfumo utakuwa bubu.

Hatua ya 3: Andika maswali upya, umsomee mtu wa sokoni

Hapa ndipo mifumo mingi inapofia, na ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Watu wa kompyuta huchukua fomu ya zamani na kuiweka kwenye kioo kama ilivyo. Fomu yetu ya zamani iliandikwa na mtu aliyekuwa anamwandikia mkubwa wake, hakuwa akimwuliza muuza mukene.

Nilichapisha maswali ya mfumo wetu wa kwanza nikamfuata yule mama mezani kwake. Swali la kwanza lilikuwa "Aina ya taasisi".

"Taasisi ni nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akacheka, huku mkono mmoja unafukuza nzi. "Kumbe mnataka kujua kama niko peke yangu. Niko peke yangu, tangu baba yao alipofariki."

Swali sasa linasomeka: *Biashara hii ni yako peke yako, yako na wenzako, au ya kampuni?* Hajakwama mtu hapo tena.

Tuliendelea hivyo swali kwa swali. "Mtaji" lilimtia hofu, akidhani ni kodi, akataja pesa ya uongo mbele yangu bila haya. Nikauliza ofisini: mtaji tunautumia kufanya nini? Hatuutumii. Tukalifuta. Kanuni niliyobaki nayo ni hii: swali lisilosaidia kukata ada, kukagua, au kumpata mwenye biashara, litoke. Tulibaki na maswali tisa.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna atakayekuambia.

*Simu.* Wateja wako wengi wana katochi, zile simu ndogo za vitufe zenye tochi. Mfumo uanze na menyu ya nyota na reli, ileile njia wanayotumia kutuma pesa, kwa sababu vidole vyao vimeshaizoea na haihitaji bando. Ukurasa mmoja wa menyu hiyo hauzidi herufi 182, na mtu akikawia kujibu inakatika. Basi swali moja kwa ukurasa, majibu kwa namba, na mtu akikatika katikati, akirudi aendelee alipoishia. Hili la mwisho lisisitize kwa mjenzi mpaka akuchoke. Muuza samaki hukatizwa na wateja, na wateja ndiyo biashara yenyewe.

*Namba ya kitambulisho.* NIN ina herufi na tarakimu 14, na ya raia huanza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke. Watu huchanganya sifuri na herufi O, au huruka moja katikati. Mfumo uhesabu, kisha useme kama mtu: "Umeandika 13, imepungua moja." Ule wetu wa kwanza ulisema "Ingizo batili", na kila aliyeliona neno hilo alienda moja kwa moja kibandani.

*Barua pepe.* Mfumo wa kwanza uliilazimisha. Nani aliagiza iwe lazima, hakuna anayekumbuka. Kijana wa fotokopi akawafungulia watu akaunti, na waliokuwa na haraka akawawekea ya kwake. Leseni zikatoka vizuri. Mwaka uliofuata, muda wa kuhuisha ulipokaribia, mfumo ulituma kumbusho kama ulivyopangwa, na zote zikaingia kwake. Akawa anawapitia wenye maduka mmojammoja, anawauzia habari kwamba leseni zao zinaisha. Simlaumu. Sisi ndio tuliompa duka.

*Namba ya simu si mtu.* Laini nyingi sokoni zimesajiliwa kwa jina la mume, mtoto au dada. Usimkatae mama kwa sababu jina la laini si lake. Mfungue kwa NIN yake, simu iwe njia ya kumpata tu, na iwe rahisi kuibadilisha.

*Lugha.* Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kwa hiyo una hoja nzuri ya kukiweka kwenye menyu. Weka na lugha nyingine zinazosikika sokoni kwenu, Luganda, Lusamia, Ateso. Lakini msifanye tafsiri ofisini. Kaa na wauzaji wawili watatu, uulize "hili ninyi mnaliitaje?"

Na kuna kaugonjwa ka ujumbe mfupi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukiingiza alama moja tu ambayo haimo kwenye orodha ya kawaida ya simu, kama ile ŋ ya Luganda, au ritifaa ya kupinda inayowekwa na kompyuta kwenye neno ng’ombe, nafasi hupungua hadi 70, ujumbe hugawanyika, na baraza hulipia mbili au tatu. Tulishangaa bili ya mwezi mmoja kabla hatujagundua kwamba ni bucha zilizotuponza. Tumia ritifaa iliyonyooka: ng'ombe.

Hatua ya 4: Malipo

Ada za leseni zimewekwa kwenye jedwali chini ya sheria ya leseni za biashara, kwa aina ya biashara na daraja la eneo. Zamani kwetu ofisa "alikadiria". Hapo ndipo chai ilipokuwa inachemshwa. Ingiza jedwali lote kwenye mfumo, mtu achague biashara yake, aone ada kabla hajaandika hata jina. Aone na makato ya kutuma pesa, ili asifike mwisho akakuta shilingi zimepungua. Ofisa asiwe na kitufe cha kubadilisha ada bila mkubwa wake kuona na sababu kuandikwa.

Kwa kulipia, tumia namba ya malipo ya aina ya PRN ambayo watu wameizoea kutoka URA, mamlaka ya mapato, ilipike kwa simu au benki. Pesa taslimu kaunta, hapana. Hata ya mzee uliyemhurumia, hapana. Mpeleke kwa wakala wa pesa aliye jirani ukiweza, umshike mkono.

Kosa letu kubwa hapa lilikuwa la maneno tu. Mfumo ulijua hali mbili, umelipa na hujalipa. Pesa ikichelewa njiani dakika kumi, mtu aliyekwisha kukatwa aliambiwa "Hujalipa", akalipa tena, ikakatwa tena. Kurudisha pesa iliyoingia akaunti ya serikali, wenye uzoefu wanajua, ni safari ya miezi. Tukaongeza hali ya tatu: "Malipo yako yanathibitishwa. USILIPE TENA. Tutakutumia ujumbe." Mhasibu kila asubuhi, kabla ya chai, analinganisha taarifa ya benki na orodha ya mfumo. Tofauti inamalizwa siku hiyohiyo, haingoji mwisho wa mwezi.

Hatua ya 5: Rejista ya zamani

Usijaribu kuingiza kila kitu. Kuna mafaili stoo yetu ya watu waliokwisha kufariki na maduka yaliyogeuka barabara. Ingiza leseni hai na zilizoisha ndani ya mwaka mmoja. Nyingine zibaki stoo kwa muda unaotakiwa na kanuni za kumbukumbu, zikiwa na orodha ya mahali zilipo.

Majina yatakutesa. Kwenye rejista moja nilimkuta Wafula, Wafulla na Waffula, wote wanauza simenti mtaa mmoja. Alikuwa mtu mmoja, makarani watatu. Linganisha kwa NIN na simu, na penye shaka piga simu uulize. Kwa wiki tatu tuliwapa kazi hiyo wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo ya kazi, wawili kwa kompyuta moja: mmoja anasoma, mwingine anaandika.

Kumbuka pia kwamba sasa umeshika taarifa za watu kwa wingi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu. Jisajili kwa ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, na usimpe kila ofisa ufunguo wa kuona kila kitu. Bwana afya hana haja na namba ya malipo ya mtu.

Hatua ya 6: Siku zisizo na umeme wala mtandao

Zipo, na zitakuja. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Februari 2016, pia wakati wa uchaguzi, hata pesa za simu zilifungwa. Kwetu Januari ndio mwezi wa msongamano wa leseni, kwa hiyo usiniambie haya ni mambo ya mbali.

Panga hivi: betri na paneli ya kuwasha kompyuta moja na ruta, daftari moja la dharura, kurasa zake zimepewa namba, linaloandikwa mfumo ukiwa chini na kuingizwa siku unaporudi, malipo ya benki yabaki kama mlango wa pili, na tangazo la wazi kwamba hakuna atakayetozwa faini kwa siku ambazo mfumo haukuwepo. Hilo la mwisho lipitishwe na baraza kabla, maana siku ya tukio kila mtu anaogopa kusema.

Na usizindue Januari. Sisi tulizindua Januari, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi Januari.

Hatua ya 7: Watu wa ndani, na yule wa nje

Karani aliyeshika muhuri kwa miaka ishirini anajua mfumo mpya unamwondolea nini. Kingine ni heshima, kingine ni soda, na havitenganishwi kwa hotuba. Mpe kazi inayohitaji ujuzi wake: dawati la msaada. Anajua sura za watu, anajua nani hasomi vizuri na anaona aibu kusema. Yule wa kwetu aliandika kwa kidole kimoja mwezi mzima wa kwanza. Tulimwacha. Leo wafanyabiashara wanampigia yeye kabla yangu.

Dawati hilo lazima liwepo. Atakuja mtu asiye na simu, atakuja asiyeona vizuri. Karani akae naye upande mmoja wa kioo, amsomee, mwenyewe ajibu.

Kuhusu kijana wa fotokopi, mara ya kwanza tulimfukuza varandani, akahamia ng'ambo ya barabara na bei ikapanda. Mara ya pili nilimwita ndani. Nilimwuliza watu hukwama wapi, akanitajia mambo saba bila kufikiri, na matano kati yao hatukuwa tumeyaona. Sasa ni wakala aliyeandikishwa. Bei yake imebandikwa ukutani pamoja na maneno "Unaweza kufanya hivi mwenyewe bure kwa kupiga namba hii", na kila ombi analojaza lina alama yake, hivyo tunaona ni mangapi. Haruhusiwi kubaki na nakala ya kitambulisho cha mtu wala kuweka simu yake mahali pa simu ya mteja. Idadi ya maombi yanayopitia kwake ndiyo takwimu ninayoiangalia kwanza kila mwisho wa mwezi. Ikipanda, kuna kitu tumekiharibu.

Hatua ya 8: Kuzima karatasi

Endesha njia zote mbili kwa muda mfupi, tuseme miezi mitatu, kwa tarehe iliyotangazwa redioni, sokoni na misikitini na makanisani. Kupita hapo utakuwa na rejista mbili na hutajua ipi ni ya kweli. Siku ya mwisho, chukua mihuri yote ya leseni, iandike kwa orodha, ifungie kwenye sefu ya mhasibu. Usipofanya hivyo, nakuhakikishia utaona leseni ya karatasi yenye tarehe ya jana.

Leseni mpya ije kwa ujumbe wenye namba, na anayetaka ya kutundika ukutani achapishiwe yenye msimbo wa QR. Wafundishe askari wa mji kuihakiki kwa kupiga namba ya leseni kwenye simu zao, hata katochi, na waambiwe wazi: jibu la mfumo ndilo leseni, karatasi ni pambo. Wiki ya kwanza nenda nao. Mimi nilikuta askari ameshika karatasi halali, ameigeuza, anatafuta muhuri mgongoni.

Hatua ya 9: Kila Jumatatu, simu tano

Mfumo utakuonyesha maombi yaliyoanzwa na kuachwa njiani. Chagua matano, piga simu, uliza tu: "Ulikwama wapi?" Usiwatumie dodoso. Usimpe kazi hii mtu wa kompyuta, ifanye mwenyewe.

Wiki moja nilimpigia kinyozi. Alikuwa amejibu yote vizuri hadi kwenye picha, akaacha. Nikamwuliza, simu haina kamera? Akasema inayo, nzuri tu. "Ila mmesema nipige picha ya mlango wa duka, bosi. Mimi ninanyolea chini ya mwembe." Ada yake alikuwa nayo tayari, imekaa kwenye simu siku nane. Mchana ule tulibadilisha sentensi ikawa "Piga picha ya mahali unapofanyia kazi", na kabla ya jioni picha ikaingia: kiti, kioo kimetundikwa kwenye shina, na mteja amefungwa shuka shingoni anaangalia kamera.